Mchoraji wa katuni wa Magomeni, Mtwara: bango la saluni lenye nywele za kweli

Mwenye haraka namwambia mapema: kama una saluni, chekechea au duka la nguo za watoto hapa Mtwara na unatafuta mtu wa kukuchorea katuni, mpelekee kazi huyu kijana wa Magomeni. Amenichorea bango la mitindo 12 ya nywele za watoto, futi tatu kwa nne. Nimelipa shilingi 85,000 za mchoro na 25,000 za kuchapisha, na hela yangu haijaniuma. Kasoro anazo na nitazitaja, kubwa ikiwa kutoshika tarehe. Lakini kwenye nywele zenyewe, ambako hakuna wa kunidanganya, sijaona katika mji huu mchoraji wa kumfikia.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Rahaleo, chumba kimoja, viti vya plastiki, draya mbili, na benchi la nje ambalo wateja hukaa kupiga soga hata siku ambazo hawasuki. Nilianza kusuka nikiwa msichana, vibarazani, kabla sijajua kwamba kuna riziki humo. Kwa hiyo nikiona katuni yoyote, iwe kwenye runinga, begi la shule au pakiti ya biskuti, jicho langu linaanzia kichwani. Macho makubwa, pua ndogo, nguo, hayo nayaona baadaye. Kwanza nataka kujua hizi nywele ni za aina gani, zimegawanywa wapi, nani alizisuka, na kama zingekaa hivyo kweli kwenye kichwa cha mtu.

Mara nyingi zisingekaa. Zunguka saluni za hapa mjini, nenda mpaka Lindi, utakuta ukutani mabango yale yale ya kununua: picha za wanawake wa nje zilizoshushwa mtandaoni, na kwa upande wa watoto yupo binti mfalme wa katuni mwenye nywele za singa, za njano, zimelala begani. Sina ugomvi na huyo binti mfalme. Ninachosema ni kwamba amewekwa ukutani kwenye chumba ambacho kila kichwa kinachoingia ni cha kipilipili, na hakuna mtindo hata mmoja kwenye bango lake ninaoweza kumsuka mtoto bila kumbebesha pakiti kadhaa za rasta.

Hapo inabidi nieleze kidogo biashara ya kusuka watoto. Wanafunzi wa shule nyingi za msingi za serikali hukata nywele zikawa fupi kabisa, kwa hiyo siku za masomo tunapata wa chekechea na wale ambao shule zao zinaruhusu kusuka. Wengine tunawaona sikukuu: Idi, Krismasi, likizo ya Desemba. Na kwetu kusini ipo korosho. Minada ikianza Oktoba na hela ikaingia mikononi mwa watu, mama anakuja kusuka, na mtoto aliyeshika kanga ya mama yake naye anataka asukwe. Anatazama ukutani, ananyoosha kidole. Akimwonyesha yule wa njano mama anacheka, anasema, "Msuke tu, dada, sikukuu haiji kila siku." Basi mtoto wa miaka minne anaondoka na rasta ndefu za njano mpaka kiunoni. Nywele za ukingo wa uso wa mtoto ni laini na bado changa. Rasta nzito zinazivuta, vipele vinatoka kwenye mizizi, na jambo hilo likirudiwa mwaka hadi mwaka ukingo unarudi nyuma na sehemu nyingine hazioti tena. Nawaona wasichana wa sekondari wanaofunika mabaka hayo kwa kitambaa. Nilitaka bango ambalo mtoto akinyoosha kidole popote, awe ameonyesha kitu ninachoweza kumsuka kwa nywele zake mwenyewe, na usiku alale bila kulia.

Kazi ya huyu kijana niliiona kwanza kwenye ukuta wa chekechea moja huku Chuno. Alikuwa amechora watoto wanaruka kamba, na msichana wa mwisho kushoto alikuwa na mabutu manne. Kilichonisimamisha ni njia, ule mstari wa ngozi unaotenga nywele. Kati ya butu na butu ilipita njia iliyopakwa rangi ya ngozi, na ile ya katikati ilipinda kidogo karibu na utosi, mahali ambapo kila msusi wa watoto anajua kitana hupinda kwa sababu kichwa hakitulii. Hilo huwezi kulibuni ukiwa umekaa peke yako. Nikaulizia nani kachora, nikaelekezwa Magomeni.

Kibanda chake ni kidogo, cha mlango wa bati. Kuta anachora kwa brashi na rangi ya mafuta. Mabango anayachora kwenye tableti kwa kutumia Krita, programu ya bure, kisha anapeleka kuchapishwa kwenye fleksi, ile turubai ya plastiki ya mabango. Nilijiandaa kupewa picha nichague, lakini yeye akaanza kuniuliza. "Dada, msuko huu unaanzia mbele au kisogoni? Nywele za mtoto zimechanwa au zimenyongwa kwanza? Umepaka mafuta? Msuko una siku ngapi kichwani?" Hilo swali la mwisho lilinipa furaha, maana msuko wa leo na msuko wa wiki ya pili havifanani. Wa leo njia zinang'aa na mistari imetulia. Wa wiki ya pili umechomoza vinyweleo, njia zimefifia, na ukingoni pameshaota nywele mpya. Tukakubaliana bango liwe la msuko wa leo.

Akaomba pia kuja saluni anitazame nikisuka. Nilimpa sharti la kuwaomba akina mama ruhusa kwanza, na asipige picha ya mtoto wa mtu. Alilishika. Alikaa benchini na daftari, akachora mikono yangu kuliko alivyochora vichwa: kidole cha mwisho kinavyotenga nywele, kitana cha mkia kinavyolazwa, jinsi ninavyombana mtoto magotini bila kumuumiza.

Mchoro mmoja nitaueleza kwa kirefu, wa twende kilioni, kwa sababu ndio kipimo changu kwa mchoraji yeyote. Wengi huchora kichwa, wakapiga mistari myeusi iliyonyooka kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, wakaishia hapo. Misuko inaelea juu ya kichwa, haijashikwa na kitu. Huyu alianza na njia. Alizichora zikiwa zimekaribiana mbele, zikatanuka utosini ambako kichwa ni kipana, zikarudi kukusanyika kisogoni. Za pembeni, juu ya masikio, akazipinda zifuate mzunguko wa fuvu. Ndipo akajaza misuko katikati, kila mmoja ukianza mwembamba ukingoni na kunenepa kadiri vidole vinavyookota nywele njiani. Msuko wenyewe ameuunda kwa alama ndogo za umbo la V zinazofuatana, zote zikielekea upande mmoja, na chini ya kila msuko ameweka kivuli chembamba kinachoonyesha kwamba umekaa juu ya ngozi. Kisogoni mikia ni mifupi, imechongoka, na miwili imekataa kulala. Kwa nywele za mtoto ndivyo inavyokuwa.

Kwenye rasimu ya kwanza alikuwa amemwinua mtoto huyo nyusi kidogo. Alikuwa ameona sawasawa: mtoto aliyesukwa kwa kukazwa, ngozi ya paji huvutika na nyusi hupanda. Nikamwomba azishushe. Mtoto aliyesukwa vizuri hana uso huo, na sikutaka bango langu liwazoeshe akina mama kuona maumivu ni sehemu ya kupendeza. Hakubisha. Alifuta, akachora upya, akanionyesha palepale.

Tulikuwa tunaongea huku anachora, na nimejifunza mengi kuhusu kazi ya kubuni wahusika wa katuni ambayo kwa miaka yote nilikuwa nayatazama tu bila kuelewa. Akimaliza mhusika, anamjaza rangi nyeusi tupu abaki kivuli, halafu anamwita mtu na kumuuliza huyu ni nani. Asipotambulika, kazi haijaisha. Na kwenye kivuli, kinachomtambulisha mtu mara nyingi ni nywele. Akachora kivuli cha Bart Simpson kwa haraka, kile kichwa chenye meno juu, na mwanangu aliyekuwa amekaa chini akamtaja kabla mkono haujatoka kwenye tableti. Matt Groening, ambaye familia ya katuni aliyoibuni, The Simpsons, ilionekana kwenye runinga ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1987, alitaka kila mmoja ajulikane kwa umbo lake la nje, na ndiyo maana mama yao ana mnara wa nywele za buluu. Bart, Lisa na mdogo wao Maggie hawana hata mstari wa kutenga nywele na uso. Ni njano moja kuanzia kidevuni mpaka kwenye ncha. Mimi ambaye siku nzima nahangaika na ukingo wa nywele za watu, nilikaa kimya nikiwaza: mtu hana ukingo, na bado nywele ndizo zinazomtaja.

Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa katuni za Hergé wa Ubelgiji, naye alianza mwaka 1929 nywele zikiwa zimelala. Kwenye kisa kile kile cha kwanza akaondoka na gari la wazi kwa kasi, upepo ukainua kishungi cha mbele, na Hergé hakukishusha tena.

Lakini lililonigusa zaidi ni la gharama. Katuni ya kuchorwa kwa mkono huendeshwa kwa picha 24 kila sekunde. Hata wachoraji wakibana wakachora 12, mhusika anayesema sentensi fupi ameshachorwa mara nyingi sana. Sasa msuke huyo mhusika twende kilioni. Kila akigeuza shingo mistari yote inahama, na kuna mtu lazima aichore upya, na V zake. Ndiyo maana wabunifu hupunguza nywele zikawa bonge moja lenye umbo linalosomeka. Akira Toriyama, aliyembuni Goku, shujaa wa katuni za Kijapani za Dragon Ball, aliwahi kueleza kwamba kugeuza nywele za Goku kuwa za dhahabu kulimwokolea muda, kwa sababu msaidizi wake alikuwa akitumia saa nyingi kujaza wino mweusi kwenye kichwa kile. Kwenye kitabu cha rangi nyeusi na nyeupe, nywele za dhahabu huachwa wazi, basi. Wapo vijana ambao wameketi kwenye kiti changu nikawatia rangi kwa ajili ya Goku, na nadhani wangependa kulijua hilo.

Kompyuta ilipoingia, gharama ikahamia kwingine. Rapunzel wa filamu ya Disney ya 2010 alipewa nywele za mita 21 hivi, nyuzi zaidi ya 100,000, na kazi kubwa ilikuwa kuzifanya zitiririke bila kujifunga. Merida wa Pixar, mwaka 2012, alikuwa na nywele nyekundu za kujisokota, na programu zilizokuwepo hazikumfaa. Ilibidi iandikwe mpya, na misokoto takriban 1,500 ikawekwa mmoja mmoja. Na huyo ni wa misokoto mikubwa ya Uskoti. Za kwetu, ambazo kila unywele unajikunja tangu unapotoka kwenye ngozi, unashikana na jirani yake na kusimama badala ya kuanguka, zilisubiri zaidi. Fundi wangu huyu wa Magomeni anasema zana nyingi zilijengwa na watu waliokuwa wakitazama nywele zinazoteremka. Nami naliona dukani kila ninapokwenda kununua vifaa: vitana vya meno membamba vimejaa, chanuo la meno mapana unalitafuta.

Na hapo ndipo naona haki ya kumsifu mtu anayejali. Disney walipomtoa Tiana mwaka 2009, binti mfalme wao wa kwanza Mweusi, watu wengi walifurahi. Mwaka 2018 zilipotoka picha zake kwa ajili ya filamu nyingine ya kampuni hiyo hiyo, ngozi ilikuwa imepauka, pua imechongwa na nywele zimelegezwa. Watu wakalalamika, hata Anika Noni Rose aliyemwekea sauti akazungumza na studio, na mchoro ukarekebishwa kabla filamu haijatoka. Mtu akisema nywele za katuni ni jambo dogo, namkumbusha hilo: walirudi mezani wakachora upya.

Mwaka uliofuata ikaja Hair Love ya Matthew A. Cherry, filamu fupi ya dakika saba hivi, iliyochangiwa na watu mtandaoni karibu dola 300,000 na kupata Oscar mwaka 2020. Baba anajaribu kumtengeneza binti yake Zuri nywele kwa mara ya kwanza, na ipo sehemu ambapo nywele zinageuka mpinzani, wanapambana ulingoni. Wale walioichora wamewahi kushika kichwa cha mtoto. Zile nywele zina uzito wake, zinasukuma mkono, zinaficha chanuo. Nina video yake kwenye simu na huwaonyesha akina baba wanaoleta mabinti wao wakasimama mlangoni kwa aibu. Nikipata mwanya nawaonyesha pia Supa Team 4 ya mwaka 2023, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, wasichana wanne wa Lusaka ambao ukiwajaza weusi wote bado unamjua kila mmoja kwa kichwa chake. Wadogo wana Akili, mtoto wa katuni anayetengenezwa Dar es Salaam, na anasema Kiswahili. Si haba.

Fundi wetu hayuko kwenye ngazi hiyo na hajidai kuwa nayo. Lakini ametafuta. Alishusha mwongozo wa bure uitwao Code My Crown, uliotolewa mwaka 2023 na watu wa sabuni ya Dove wakishirikiana na maktaba ya wazi ya nywele za Kiafrika kwa ajili ya wabunifu wa michezo ya kompyuta, akajifunza humo jinsi ya kujenga misuko na nywele za kipilipili. Aliniambia umemsaidia, ila kusuka kwenyewe ameelewa kwa kukaa benchini.

Tena huku kwetu jambo hili si geni. Kwenye tamasha la MaKuYa, ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, nimemtazama mchezaji wa lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani, akiingia uwanjani na kile kichwa cha mti. Wachongaji wa Kimakonde hubandika juu yake nywele halisi za binadamu, zikanyolewa na kuchongwa mtindo kama za mtu aliye hai. Zamani sisi wanawake hatukutakiwa hata kujua ni nani aliye ndani. Nilipomwona fundi anahangaika na ukingo wa nywele wa mtoto wa katuni mpaka jasho linamtoka, niliwaza wale wazee. Nao walijua kwamba uso wa mti bila nywele hautamtisha mtu wala kumfurahisha.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote ni wa mtoto mwenye ualbino. Mimi ndiye niliyeuomba, kwa sababu nina mteja wangu mdogo mwenye ualbino na kwenye kila bango hakuwahi kujiona. Nywele zake ni za njano, na ni kipilipili. Fundi alikaa na mchoro huo kuliko mingine. Kwa watoto wengine njia huonekana kirahisi, kwa kuwa ngozi ni nyepesi kuliko nywele. Kwa huyu ngozi na nywele zinakaribiana, kwa hiyo rangi peke yake haikutosha kuonyesha mabutu yamegawanywa wapi. Akazionyesha njia kwa kivuli: kila butu likatupa kivuli chembamba cha rangi ya mchanga upande mmoja, na njia ikajitokeza. Rangi ya nywele hakuchukua njano kali ya katuni, alichanganya karibu na rangi ya maziwa yenye asali. Mkononi akampa kofia pana ya jua. Mteja wangu alipoingia akasimama mbele ya bango, akamgusa yule mtoto kichwani kwa kidole, akamwambia mama yake, "Mimi huyu." Toka siku hiyo hasukwi kingine.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni tarehe. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba nataka bango liwe ukutani kabla minada ya korosho haijaanza, kwa sababu hapo ndipo saluni hujaa. Akakubali, akachukua nusu ya malipo, na bango likaja watu wameshaanza kupokea hela zao na mimi nimeshasuka wengi kwa kutumia picha za simu. Sababu yake ilikuwa kazi ya ukuta wa shule iliyochukua muda. Inaeleweka, ila ilitakiwa aniambie. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, na hilo ndilo lililonikera kuliko kuchelewa kwenyewe.

Ya pili ni uchapaji. Kwenye tableti nywele zilikuwa na kina: kahawia iliyokolea kwa msuko, nyeusi kidogo kwenye kivuli, mstari mwepesi wa mwanga. Kwenye fleksi ya kwanza vyote vikamezwa. Yule mtoto wa afro fupi alionekana amefunikwa sufuria, na V za twende kilioni ukizitaka mpaka usogee pua iguse ukuta. Ngozi nazo ziligeuka wekundu wa matofali. Kosa ni la mashine ya kuchapisha zaidi ya mkono wake, lakini mteja anapokea bango, hapokei tableti. Namshukuru kwamba hakunilazimisha kulipokea. Aliangaza nywele zote kwa hatua moja, akaongeza mwanga mwembamba wa buluu kwenye kingo za misuko, akachapisha tena kwa gharama yake, na la pili ndilo liko ukutani. Ukimpa kazi, mwambie achapishe kipande kidogo kwanza mkitazame juani, maana fleksi ukiitazama ndani ya kibanda haikuambii ukweli.

Ya tatu ni wavulana. Kwenye mitindo 12 wamo watatu, na ni dhaifu. Kiduku kimekaa katikati ya kichwa bila mteremko wowote pembeni, wakati kinyozi yeyote anajua kwamba uzuri wa kiduku uko kwenye kufifisha: ngozi, kivuli, nywele fupi, halafu nywele zenyewe. Panki nayo imekatwa kwa rula. Inaonekana kwa kinyozi hajakaa.

Na rasta. Kwenye mtindo mmoja wa wakubwa kidogo, wa miaka kumi na kuendelea, nilimruhusu aweke rasta nyepesi za mabegani. Alizichora ncha zikiwa zimefumuka. Nikamweleza kwamba ncha za rasta tunazichovya kwenye maji ya moto zikatulia, kwa hiyo huishia zimenyooka na kuchongoka, hazifumuki. Aliomba niichovye moja mbele yake. Akatazama mvuke, akatazama ncha inavyojikusanya, akarekebisha zote bila kunidai nyongeza.

Tangu bango lipande, maongezi ya pale mlangoni yamebadilika. Mtoto ananyoosha kidole kwa mwenye mabutu, au kwa yule wa kunyonga uzi, na mama anauliza bei, kwa sababu ni mtindo anaoukumbuka tangu alipokuwa mdogo. Wengi hawajui kwamba bado tunanyonga uzi. Nimeuza misuko ya uzi msimu huu kuliko ilivyokuwa kawaida, na uzi wa nywele ni bei rahisi kuliko rasta, haulemei kichwa, na ukifumuliwa nywele zimenyooka na hazijaguswa na dawa. Watoto wamewapa wale wa bangoni majina wenyewe. Mimi sikuandika jina hata moja, ila sasa naambiwa nisuke "kama Mwajuma wa ukutani," na kila mtoto Mwajuma wake ni mwingine.

Bei zake kwa sasa: mhusika mmoja peke yake wa kuweka kwenye kadi au tangazo ni 10,000, bango la mitindo mpaka 12 ni hiyo 85,000 bila uchapaji, na kuta mnapatana kwa ukubwa, rangi ukinunua wewe inashuka. Asubuhi yuko kwenye kuta za watu, kibandani anapatikana kuanzia alasiri. Mlipe nusu, andikianeni tarehe kwenye karatasi, na mwambie akupe namba ya pili ya simu. Kama unataka wavulana, mpeleke kwanza kwa kinyozi unayemwamini akae benchini. Mimi nimeshampatia wa kwangu hapa jirani, wamekubaliana, na la wavulana nimelilipia nusu. Nimemwambia nalitaka kabla ya likizo ya Desemba.